Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kurekodia Muziki kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Anayetaka kurekodi muziki nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo bora, na kila anayeulizwa humtajia ile anayoitumia mwenyewe. Mtengeneza midundo atasema FL Studio, fundi wa kwaya atasema Cubase, mwenye kompyuta ya Apple atasema Logic, na aliyesomea fani hii chuoni atasema Pro Tools. Hakuna anayedanganya, kwa sababu kila mmoja anajibu kulingana na kazi yake. Swali lenye manufaa zaidi ni programu ipi itakayokuwezesha kuufikisha wimbo wako mwisho kwenye kompyuta uliyonayo sasa, kwa bando unalolimudu, na kuukabidhi kwa mtu mwingine bila kitu kupotea njiani. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kompyuta moja ya kawaida, maikrofoni moja au mbili, na nia ya kurekodi sauti za watu na ala halisi, ingawa mtengeneza midundo naye hakusahauliwa.

Ijue kwanza kazi yako

Chini ya jina moja la programu ya kurekodi zimejificha kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni kunasa sauti kupitia maikrofoni na kuipanga kwenye traki nyingi, kila mwimbaji na kila ala kwenye mstari wake. Ya pili ni kutunga kwa MIDI, yaani kuandika maagizo ya noti ambayo ala zilizomo ndani ya kompyuta huyatekeleza. Hapo hakuna sauti iliyonaswa, bali orodha ya noti tu, na ndiyo maana unaweza kuigeuza piano kuwa marimba hata baada ya kumaliza kupiga. Ya tatu ni kuhariri faili moja: kukata ukimya wa mwanzoni, kupunguza mvumo wa feni, au kuhamisha kanda ya kaseti ya zamani iwe faili ya kompyuta.

Programu kubwa za leo hufanya zote tatu, lakini kila moja ilizaliwa upande mmoja, na asili hiyo bado inaonekana katika namna inavyokutaka ufanye kazi. FL Studio ilitoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo cha kupanga ngoma hatua kwa hatua, na hadi leo anayejenga mdundo ndiye anayefika haraka zaidi ndani yake. Cubase ya Steinberg ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1989 kwenye kompyuta za Atari ikishughulika na MIDI peke yake. Pro Tools ya mwaka 1991 ilikuja kuchukua nafasi ya mashine za kanda, ikiwa na traki nne tu, na hadi sasa nguvu yake kubwa ni kukata na kuunga sauti iliyorekodiwa. Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa mwaka 2000, ni mhariri wa faili za sauti ambaye baadaye aliongezewa mambo ya muziki.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, andika kwenye karatasi kile utakachorekodi katika miezi michache ijayo, kwa undani. Chukua mfano wa kwaya yenye soprano, alto, tena na besi. Ukiwa na maikrofoni moja, utarekodi kila sauti kwa zamu huku waimbaji wakisikiliza kwenye hedifoni sauti zilizokwisha kurekodiwa. Unahitaji traki nyingi, uwezo wa kurudia mstari mmoja mara kadhaa na kuchagua kipande kilicho safi kutoka kila rudio, na njia rahisi ya kumpa mwimbaji metronomu bila kuiacha ivuje kwenye maikrofoni. Ala za ndani ya kompyuta huzihitaji hata kidogo. Ukitaka kwaya nzima iimbe kwa pamoja mbele ya maikrofoni nne, kikwazo hakitakuwa programu bali idadi ya matundu ya kifaa unachochomekea maikrofoni, na hapo fedha ya programu ni afadhali iende huko.

Mpiga taarabu ana swali jingine ambalo miongozo mingi hailigusi. Udi, fidla na kanuni hupita katika vipande vya sauti vilivyo vidogo kuliko nusu-toni ya piano. Kuvirekodi kwa maikrofoni hakuna shida, kwa kuwa kompyuta hunasa kinachosikika. Shida huja unapotaka nyuzi za kompyuta zisindikize ala hizo, kwa sababu kinanda cha MIDI kwa kawaida kimegawanywa katika nusu-toni kumi na mbili zilizo sawa. Logic Pro ina mipangilio ya kubadilisha mgawanyo huo kwa ala zake za ndani, na Ableton Live iliongezewa mifumo ya namna hiyo katika toleo la 12 la mwaka 2024. Vilevile kirekebisha sauti kikiachwa katika hali yake ya kawaida kitaivuta sauti ya mwimbaji wa taarabu hadi kwenye noti ya piano iliyo karibu, na utamu wote utaondoka. Wa chakacha aangalie kama metronomu ya programu inakubali mapigo ya 6/8 bila kumsumbua. Zinazotajwa hapa huyakubali, ingawa Audacity iliyapata katika toleo la 3.4 la mwaka 2023 tu.

Kisha ipime kompyuta yako

Fungua mipangilio ya kompyuta na uandike toleo la mfumo wake, kiasi cha RAM, aina ya diski na nafasi iliyobaki. Kwa kurekodi sauti tupu, RAM ya GB 4 inatosha ukiwa na programu nyepesi. Ukianza kurundika ala za kompyuta, GB 8 ndiyo mahali pa kuanzia, na anayetaka okestra ya sampuli, yaani ya ala halisi zilizorekodiwa noti moja moja, ajiandae kwa GB 16 au zaidi. Diski ya SSD itakusaidia kuliko kichakataji kipya, hasa wimbo unapofikia traki nyingi zinazosomwa kwa wakati mmoja.

Nafasi ya diski haihitaji kubahatishwa, kwa kuwa inahesabika. Sauti ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani kompyuta ikiipima sauti mara 48,000 kila sekunde, hutumia baiti 144,000 kila sekunde kwa traki moja ya mono, yaani MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 utachukua takriban MB 690, na marudio yaliyokataliwa yanaweza kuuzidisha mara mbili au tatu bila wewe kuona. Mwenye diski ya GB 128 iliyokwisha kujaa picha na filamu anunue kwanza diski ya nje.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi, nao huidhania ni kasoro ya programu, ni ucheleweshaji. Unaimba, sauti inaingia kwenye kompyuta, inashughulikiwa kwa mafungu, kisha inarudi kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Ukubwa wa fungu hilo, linaloitwa bafa, huwekwa ndani ya programu. Bafa ya sampuli 256 kwenye mradi wa 48,000 ni milisekunde 5.3, ya 1,024 ni milisekunde 21.3, na hiyo ni kwa upande mmoja wa safari tu. Sauti husafiri hewani takriban mita moja kwa milisekunde 3, hivyo jumla ya milisekunde 10 haizidi kusimama mita tatu na kidogo kutoka kwenye spika, na waimbaji wengi huizoea. Ikifika 30 au 40, mwimbaji ataanza kuburuta mapigo bila kujua sababu.

Kwenye Windows dawa yake ni draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa) ya aina ya ASIO, inayotoka kwa mtengenezaji wa kiolesura cha sauti, yaani kile kisanduku cha USB kinachopokea maikrofoni na kutoa sauti ya hedifoni. Kama kifaa chako hakina draiva yake, ipo ASIO4ALL, isiyolipiwa, ambayo husaidia hata kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta. Kwenye kompyuta za Apple mfumo wenyewe, Core Audio, huimaliza kazi hiyo. Violesura vingi vina pia kitufe au kirungu kinachomrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta; ukikitumia, suala la bafa linapungua sana. Hedifoni za Bluetooth ziweke kando wakati wa kurekodi, maana ucheleweshaji wake huweza kupita milisekunde 100 na hakuna programu itakayouondoa.

Mara nyingi mikwaruzo na milio ya kukatika inayolaumiwa kwa programu hutoka kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye Windows chomeka chaja na uchague mpango wa umeme wa utendaji wa juu, kwa sababu kompyuta inayobana betri hupunguza kasi ya kichakataji katikati ya kurekodi. Zima Wi-Fi ujaribu tena. Programu ndogo isiyolipiwa iitwayo LatencyMon hukuonyesha ni draiva ipi inayoishikilia kompyuta kwa muda mrefu. Kiolesura kichomekwe kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja, si kwenye kigawanyio kilichobeba pia kipanya na flashi.

Kuhusu maikrofoni nitasema kidogo tu. Zile za kondensa za bei nafuu, kama BM-800, huhitaji umeme wa volti 48 ili zitoe sauti yake kamili, na waya mwembamba wa kuchomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu hautoi umeme huo. Mtu akiipachika namna hiyo atapata sauti dhaifu yenye mvumo, atabadilisha programu tatu, na mvumo utabaki palepale.

Programu zenyewe

Kwa mwenye kompyuta ya Apple uamuzi ni mwepesi. GarageBand haina malipo, ina ala nyingi, mpiga ngoma wa ndani, na kirekebisha sauti cha msingi; mradi wake hufunguka ndani ya Logic Pro siku utakapohitaji zaidi. Logic huuzwa kwa dola 199.99 kwa malipo ya mara moja. Angalia tu kwamba zote mbili hupokea programu-jalizi au plagini, yaani vijiprogramu vya kuongeza ala na athari za sauti, za aina ya AU peke yake, hivyo ukipewa plagini ya VST haitaonekana humo. Sioni sababu ya mwenye Mac kuanza na kitu kingine, isipokuwa kama anafanya kazi na watu wa Windows kila siku.

Kwa mwenye Windows anayerekodi sauti na ala, mimi humwelekeza kwanza kwenye Reaper. Imetengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp, na faili yake ya kusakinisha ni ndogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la siku. Inafanya kazi pia kwenye Mac na Linux, na kompyuta zenye Windows ya zamani hazikuachwa. Inakupa siku 60 za kuijaribu bila kipengele chochote kuzuiwa, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60, inayohudumia matoleo makuu mawili mfululizo. Leseni ya kibiashara, kwa wenye mapato makubwa, ni dola 225. Ina kidhibiti toni, kibana sauti na kirekebisha sauti vinavyotosha kumaliza wimbo. Upungufu wake nao ni wa kweli: haiji na ala za kuvutia, sura yake ni kavu, na menyu zake ni nyingi mno kwa mtu wa siku ya kwanza. Anayetarajia kufungua programu na kukuta ngoma na piano tayari atavunjika moyo. Anayerekodi kwaya, gitaa la galatoni au kikundi cha ngoma hatazikosa.

Mtengeneza midundo aende FL Studio bila kuona haya. Kampuni yake, Image-Line, humpa mnunuzi matoleo mapya maisha yote bila kulipa tena, jambo ambalo kampuni chache hulifanya. Hata hivyo soma jedwali la matoleo yake kabla ya kulipa, kwa sababu toleo la chini kabisa, liitwalo Fruity, kwa miaka mingi halikuwa na uwezo wa kurekodi maikrofoni, na watu wamelinunua kwa unafuu wake kisha wakashindwa kuingiza sauti. Toleo la majaribio lina tabia ya kufahamu mapema: hukuruhusu kuhifadhi mradi, lakini hutaweza kuufungua tena na kuuendeleza mpaka ununue. Maana yake, wimbo wa majaribio uumalize na kuutoa kwa kikao kimoja.

Cubase ni chombo kamili, na anayejua kusoma noti atafurahia ukurasa wake wa muziki ulioandikwa. Bei ya toleo la juu ni kubwa, lakini matoleo madogo, Cubase LE na AI, huja bure ndani ya maboksi ya violesura na vinanda vingi, vikiwemo vya Yamaha, ambayo ndiyo mmiliki wa Steinberg. Ableton Live nayo ina toleo la Lite linalotolewa kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kununua programu yoyote, rudi kwenye boksi la kifaa chako, utafute karatasi yenye msimbo, na usajili kifaa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Si ajabu ukakuta unachokitafuta umekwisha kukilipia. Matoleo hayo yana kikomo cha traki na vipengele, nacho kwa wimbo wa mwimbaji mmoja mara nyingi hakihisiwi.

Pro Tools Intro haina malipo na hukupa traki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI. Inafaa kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda studio kubwa, lakini traki nane zitaisha upesi ukianza kupanga wapokezi. Waveform Free ya Tracktion haiweki kikomo cha traki, nayo ni mbadala mzuri kwa asiye na dola 60. Ardour ni ya watu wa Linux zaidi. LMMS hutajwa sana kwenye orodha za programu zisizolipiwa, nayo ni nzuri kwa kutunga midundo, ila haikuundwa kwa ajili ya kurekodi maikrofoni, mwimbaji aiache.

Audacity naiweka peke yake. Kwa mashairi, mahubiri, kipindi cha redio, kaseti za mzee zinazohitaji kuhamishwa, sioni haja ya kingine. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kusikia athari za sauti huku wimbo ukicheza, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 mradi mzima umo ndani ya faili moja ya aup3, jambo lililomaliza msiba wa zamani wa watu kunakili faili ndogo ya aup kwenye flashi na kuiacha nyuma folda iliyobeba sauti yenyewe. Hata hivyo wimbo wa traki kumi na tano wenye kurudiarudia mistari utakuchosha ndani yake.

Bei, leseni na programu zilizovunjwa

Katika miji yetu mingi fundi wa kompyuta hukuwekea programu iliyovunjwa, yaani iliyoondolewa ulinzi wa leseni, ya dola mamia kadhaa kwa bei ya chakula cha mchana. Tuache suala la sheria, ambalo kila mtu analijua. Tazama upande wa kazi. Maelekezo ya kusakinisha huanza na kuzima kinga ya virusi, na baada ya hapo hujui ni nini kingine kimeingia kwenye kompyuta yenye nyimbo zako zote. Programu hiyo haiwezi kusasishwa, hivyo mfumo wa Windows ukibadilika, inaweza kukataa kufunguka. Na ukiijaza plagini zilizovunjwa, mradi wako ukifunguliwa kwa prodyuza mwenye leseni halali utamwonyesha orodha ndefu ya plagini zisizopatikana, na sauti uliyoijenga kwa wiki nzima haitasikika kwake. Wakati huo huo ziko programu halali zisizolipiwa kabisa au zinazolipiwa kidogo, na wimbo uliopigwa vizuri hauonyeshi ni ipi iliyotumika.

Angalia pia jinsi leseni inavyothibitishwa. Baadhi ya programu huhitaji akaunti na intaneti mara kwa mara. Nyingine, kama Reaper, hutumia faili ndogo ya leseni unayoweza kuitunza kwenye flashi. Malipo ya kila mwezi yanahitaji kadi inayokubalika nje na salio wakati wote, na ukikosa mwezi mmoja katikati ya albamu, utakuwa nje ya mlango wa nyimbo zako mwenyewe. Kwa mwenye kipato kisichotabirika, malipo ya mara moja ni salama zaidi hata kama yanaonekana makubwa. Hesabu na bando: maktaba kamili ya sauti za Logic ni makumi ya GB, na mikusanyo ya ala za sampuli ya makampuni mengine hufikia kiasi hicho pia.

Programu nazo hubadilisha wenyewe. Cakewalk, iliyoanza mwaka 1987, ilikuwa tegemeo la studio nyingi za nyumbani kwa jina la Sonar, mpaka kampuni ya Gibson ilipotangaza Novemba 2017 kwamba inasitisha uendelezaji wake. Februari 2018 kampuni ya BandLab ikaichukua na kuitoa bila malipo, kisha mwaka 2023 ikatangaza mabadiliko mengine ya jina na utaratibu. Aliyekuwa ametoa kila traki ya nyimbo zake kama faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa inayofunguka kwenye programu yoyote, alipita misukosuko hiyo bila hasara.

Ukifanya kazi na wengine

Wimbo mwingi wa kizazi kipya hautengenezwi mahali pamoja. Prodyuza yuko Dar es Salaam, mwimbaji yuko Mwanza au Kisumu, na biti, yaani mdundo wa wimbo, hupita kwenye WhatsApp. Faili ya mradi ya programu moja kwa kawaida haifunguki kwenye nyingine, kwa hiyo kinachosafiri ni WAV. Programu unayoichagua lazima iweze kutoa kila traki kama faili inayojitegemea, zote zikianzia sekunde ya sifuri, ili mpokeaji azipange upande wa kushoto kabisa na zikae sawa. Jaribu kitendo hiki mapema, kwani kwenye baadhi ya matoleo ya bei ya chini kimezuiwa au kinakutaka utoe traki moja moja.

Mwombe prodyuza biti ya WAV, si ya MP3. Sababu si ubora wa sauti pekee. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili. Kwa kisimbaji cha LAME na kisimbuzi cha kawaida ni sampuli 1,105, ambazo kwa 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 25. Ukiimba juu ya MP3 hiyo, kisha prodyuza akaziweka sauti zako juu ya WAV yake ya asili, utasikika umechelewa kidogo kila mstari, na hakuna atakayejua kwa nini. WhatsApp nayo uitumie kwa kutuma faili kama hati, si kama sauti, ili isibadilishwe njiani.

Ulizia pia kiwango cha sampuli. Biti ya 44,100 ikiwekwa kwenye mradi wa 48,000 bila kubadilishwa itakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusu-toni moja na nusu. Programu nyingi hubadilisha zenyewe, lakini baadhi hukuuliza kwa kisanduku kidogo ambacho watu hukifunga bila kukisoma.

Jaribu kwa wimbo mmoja mzima

Chagua programu mbili, zisizidi, na umalize wimbo ule ule katika kila moja. Kutazama video za mafunzo hakuonyeshi kinachokera. Kumaliza wimbo hukionyesha chote. Weka metronomu, rekodi gitaa au ingiza biti, imba ubeti mmoja mara tatu, uchague vipande bora kutoka kila rudio, ongeza wapokezi, sawazisha viwango, kisha toa WAV. Angalia ni mara ngapi ulilazimika kuacha kuimba ili kutafuta kitufe. Chomoa chaja au zima programu kwa nguvu katikati ya kazi, uone ilichookoa ukiifungua tena, kwa kuwa umeme utakatika siku mwimbaji wako bora yupo ndani.

Fanya na jaribio hili, ambalo halichukui hata dakika tano. Weka kikombe kimoja cha hedifoni juu ya maikrofoni, cheza traki yenye milio ya metronomu, na uirekodi kwenye traki mpya. Kuza picha ya mawimbi mpaka uone mwanzo wa kila mlio. Kama mlio uliorekodiwa umekaa nyuma ya ule wa asili kwa sampuli 480 kwenye mradi wa 48,000, basi kila utakachoimba kitakaa nyuma kwa milisekunde 10. Programu nzuri ina sehemu ya kuandika marekebisho hayo mara moja, nayo huyatumia daima. Audacity, kwa mfano, huanza na marekebisho ya milisekunde -130, ambayo kwa kifaa chako yanaweza kuwa mengi au machache.

Mwishowe hifadhi mradi pamoja na faili zake zote za sauti ndani ya folda moja, uinakili kwenye flashi, na uufungue kwenye kompyuta ya rafiki. Kwenye Reaper chaguo la kunakili sauti zote ndani ya folda ya mradi hutokea unapohifadhi kwa jina jipya, na lazima uliweke alama mwenyewe. Ikiwa mradi utafunguka pale ukiwa mzima, umepata programu yako. Tunza faili ya kusakinisha ya toleo hilo hilo pamoja na leseni yake kwenye diski ya nje, toa traki zote za kila wimbo uliokamilika kama WAV, na usikubali kusasisha chochote mpaka wimbo ulio mezani uwe umekabidhiwa.